Chokaa, Utepe, na Msalaba wa Otilia

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, saa nne na dakika kumi asubuhi, mke wangu Otilia alishusha pumzi na hakuvuta nyingine. Jumanne ni siku ya matendo ya uchungu. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake na rozari mkononi, nimefika tendo la nne, Bwana anachukua msalaba. Sikulimaliza.

Mimi ni katekista wa kigango chetu huku milimani Umatengo, mwaka wa ishirini na sita sasa. Nimesoma mpaka darasa la saba, kisha chuo cha makatekista miaka miwili. Padri akiwa mbali mimi ndiye ninayezika. Ninajua maneno ya kuwaambia wafiwa, nimeyasema mara nyingi mpaka yamekuwa laini mdomoni. Siku hiyo niliyatafuta ya kujiambia mwenyewe, sikuyapata.

Kwetu, siku ya arobaini tunasimika msalaba kaburini. Padri anabariki, watu wanaimba, na mtu mmoja wa nyumba ya marehemu anaushika msalaba kwenye shina wakati udongo unashindiliwa. Mtu huyo hachaguliwi kwa umri wala kwa cheo. Anachaguliwa kwa sababu hana neno na marehemu: ama hakumkosea, ama alimkosea akasamehewa angali hai. Otilia siku zake kumi za mwisho alikuwa hasemi. Kama kuna aliyetaka kuomba msamaha, alichelewa.

Arobaini yake iliangukia Jumamosi. Alhamisi alasiri msalaba ulikuwa umeegemezwa ukutani pa jiko, umepakwa rangi nyeupe, na binti yetu Kolumba alikuwa amepiga magoti mbele yake akiandika jina la mama yake kwa brashi ndogo. Tulikuwa wanne uani: mimi, Kolumba, mdogo wangu Bosko mwenye pikipiki, na Eufrasia, dada mkubwa wa marehemu.

"Shemeji, utaushika wewe," alisema Eufrasia. "Wewe ni mume, tena mtu wa kanisa."

"Ushike wewe uliyenyonya naye ziwa moja."

"Mimi siushiki."

"Kwa nini?"

"Siushiki tu. Aushike Bosko, si ndiye aliyeuchonga."

Bosko alicheka bila furaha. "Dada, mimi nimechonga mti. Kushika ni kazi nyingine. Labda tumwite jirani, sisi tukae pembeni tukitazama kama watalii."

"Acha mzaha, Bosko."

"Si mzaha. Ninaona tu kwamba mbao nimenunua, misumari nimepigilia, na kitu chenyewe hakina mwenyewe."

Kolumba aliinua macho kututazama. Alikuwa kwenye herufi ya tatu na rangi ikachuruzika. Akaifuta kwa pindo la kanga, akaanza tena.

Nikaona tutafika Jumamosi hivyo hivyo. Nikawaambia, "Kaeni, niwasimulie kitu. Nikimaliza mtaniambia nani aushike."

"Hadithi?" akauliza Eufrasia. "Leo?"

"Leo."

Hadithi hiyo niliipata kwa Sista Imakulata, daktari wa kule hospitali ya misheni alikofia Otilia. Wiki moja baada ya mazishi nilirudi kule kupeleka blanketi tuliloazima. Nikamkuta amekaa kwenye benchi nje ya wodi, nikamuuliza swali lililokuwa linanila.

"Sista, mwili wa mke wangu haukuwa na walinzi?"

"Walikuwapo, Katekista."

"Basi walilala?"

Akanisogezea nafasi kwenye benchi. "Ndani ya mwili wa Otilia siwezi kukuambia ni kipi hasa kiliharibika. Kuna vipimo vya kuona hayo, sisi hapa hatuna. Ninaweza kukuambia jinsi inavyokwenda kwa kila mtu, na hapo utaona jinsi inavyoweza kwenda vibaya."

Akanieleza polepole, maana aliona elimu yangu. Kwamba mwili ni seli nyingi, na kila seli ina uzi wa vinasaba, na uzi huo una maagizo yote. Kwamba uzi hukatika kila siku, hata kwa mtu mzima wa afya, na wapo wafanyakazi ndani ya seli, wanaitwa protini, wanaouunga. Kwamba wafanyakazi hao hawaitani kwa sauti. Wanatiana alama. Kitu kidogo sana kinabandikwa kwenye protini, na hapo kazi inaanza.

"Hiyo alama inamfanya nini?" nikauliza. "Inamgeuza kuwa mwingine?"

"Jumatano ya Majivu, wewe unawapaka watu majivu. Wanageuka kuwa watu wengine?"

"Hapana. Ni wale wale."

"Siku hiyo wanakula nyama?"

"Hawali."

"Ndivyo ilivyo. Protini ni ile ile. Ikishatiwa alama inaitika wito ambao dakika moja kabla haikuusikia. Na alama ikifutwa, inarudi kukaa."

Nilitembea na maneno hayo mpaka nyumbani. Njiani nikayavika nguo ya hadithi, kwa sababu yakiwa uchi sikuweza kuyatazama. Nikawasimulia hivi.

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, ndani ya mwili wa mwanamke mmoja mwenye mikono ya kazi, palikuwa na mji. Mji huo ulikuwa mdogo, hata punje ya ulezi mbele yake ilikuwa mlima. Haukuwa na mfalme. Ulikuwa na uzi. Uzi ulisema lini mji ujenge, lini upumzike, na neno moja fupi la kusimamisha kazi: tosha. Uzi ulikuwa mrefu kuliko mwanamume aliyesimama, nao ulienea mjini kwa sababu ulizungushwa kwenye vigogo vidogo visivyo na hesabu, kama uzi wa fundi cherehani unavyozungushwa kwenye kibao chake.

Waliouhudumia uzi walikuwa wanne.

Wa kwanza ni Mpapasi. Kazi yake ni kusikia uzi unapokatika. Alikuwa na pacha wake, na siku za amani walisinzia wamekumbatiana. Uzi ukikatika, Mpapasi alijipaka chokaa yeye mwenyewe kwanza, kwenye paji la uso. Mara mikono yao ikaachana, akaenda mbio penye mkato, akakipaka chokaa kigogo kilichokuwa karibu.

Wa pili ni Mfungaji. Yeye haoni mkato. Anaona chokaa. Akiona chokaa anakuja na tepe zake, anafunga utepe, na juu ya utepe utepe, mpaka zinaning'inia kama mapambo ya maandamano ya Ekaristi.

Wa tatu ni Mshonaji. Yeye chokaa haimwambii kitu. Anatazama utepe. Akiona utepe anakuja na sindano, anaunga uzi, ncha kwa ncha yake.

Wa nne ni Mfagiaji. Kazi ikiisha anafuta chokaa, anafungua tepe, mji unarudi kama ulivyokuwa. Msimdharau. Chokaa ikibaki kila mahali, kesho nani atajua mkato uko wapi?

"Endelea," alisema Bosko. "Huyo Mshonaji nimempenda. Anasubiri aitwe."

Moshi wa jikoni ukaingia, uzi ukakatika. Mpapasi akajipaka, akapaka kigogo. Mfungaji akaona chokaa, akafunga tepe. Mshonaji akaona tepe, akashona. Mfagiaji akafuta, akafungua. Mji ukatulia.

Jua la kiangazi likachoma, uzi ukakatika. Mpapasi akajipaka, akapaka kigogo. Mfungaji akaona chokaa, akafunga tepe. Mshonaji akaona tepe, akashona. Mfagiaji akafuta, akafungua. Mji ukatulia.

Yule mwanamke alivuta pumzi tu, kama tunavyovuta sote, na pumzi nayo hukata uzi. Mpapasi akajipaka. Mfungaji akafunga. Mshonaji akashona. Mfagiaji akafuta. Miaka arobaini na saba, kila siku, na yule mwanamke hajui. Anachimba mashimo yake ya ngolo shambani, kilimo chetu cha milimani, anaimba, anawakaripia kuku.

Eufrasia akageuza uso. Kuku wa Otilia walikuwa wanaparua pale pale miguuni mwetu.

"Ngoja, shemeji," akasema baadaye. "Huyo Mshonaji ana macho. Akiona uzi umekatika, kwa nini asishone mpaka afungiwe tepe? Huo si uvivu?"

"Sindano yake ni kali. Akishona mahali ambapo hapakukatika, anaharibu uzi mzima. Ndiyo maana mji ukaweka sheria: pasipo na utepe, usiguse."

"Hiyo sheria ninaijua," alisema Bosko, na safari hii hakucheka.

Ikaja siku moja. Siku hiyo uzi ulikatika mara mbili kwa mpigo, kwenye kigogo kimoja, mkato mmoja mbele na mwingine nyuma.

Mpapasi akajipaka, akaenda mbio. Akapapasa mbele, akapaka chokaa. Akapeleka kidole nyuma, akahisi kitu kwa ncha ya kidole. Lakini alikuwa anaitwa kwingine. Akasema moyoni, kigogo ni kimoja, chokaa ni moja, wataelewa. Akaondoka.

Mfungaji akaona chokaa. Akafunga tepe zake mbele, vizuri kabisa, utepe juu ya utepe. Akajiuliza kama na nyuma kuna jambo. Akasema moyoni, Mshonaji akifika ataona mwenyewe. Akaondoka.

Mshonaji akaona tepe. Akashona mkato wa mbele, ncha kwa ncha yake. Alipoinuka akaona nyuma ya kigogo ncha ya uzi inaning'inia. Akatafuta utepe. Hakuna. Akasema moyoni, nikigusa nisipoitwa, nitaambiwa nimejipeleka. Akaweka sindano begani akaondoka, na akageuka mara moja kutazama nyuma.

Mfagiaji akamwona Mshonaji anaondoka na sindano begani. Akasema moyoni, kazi imeisha, Mungu ashukuriwe. Akafuta chokaa. Akafungua tepe. Hata vumbi akalikung'uta, mahali pale pakawa safi kuliko jana.

Saa ile ile mji ukaanza kunakili uzi wake ili uzae mji mwingine. Ncha iliyoning'inia ikashikizwa kwa ncha isiyo yake. Neno moja likapotea pale katikati. Neno lenyewe ni lile fupi: tosha.

Mji mpya ukazaliwa bila neno hilo. Ukajenga. Ukazaa mji usiojua tosha, nao ukajenga. Ikawa uvimbe kama punje ya mahindi. Ikawa uvimbe kama yai la njiwa. Chini ya kwapa, upande wa kushoto.

Brashi ya Kolumba ilikuwa imesimama. Hakugeuka.

Siku ya mwisho, hewa ilipokuwa haba katika miji yote, wale wanne walikutana penye kigogo kile. Sheria ya mji ilisema kwamba mji ukifa, taa yake huzimwa na asiye na kosa. Taa ilikuwa mbele yao. Wakatazamana.

"Zima wewe, Mpapasi," alisema Mfungaji. "Wewe ulikuwa wa kwanza. Lakini upande wa nyuma hukupaka. Ulikuwa na haraka ya kurudi kwa pacha wako mlale."

"Mimi nililala siku gani?" alisema Mpapasi. "Nisingejipaka mimi, hata wa mbele msingeujua. Kidole changu kimoja kilihisi mambo mawili, chenu kilihisi nini? Wewe uliona chokaa, ukafunga mapambo yako, ukaenda zako. Kuzunguka kigogo hatua mbili ulishindwa?"

"Kazi yangu ni kufunga penye chokaa. Nilifunga. Muulize huyu mwenye sindano, aliyeuona mkato kwa macho yake mawili."

"Niliuona," alisema Mshonaji. "Miaka yote hii mnaniambia pasipo na utepe nisiguse. Nimetii. Siku ningegusa bila utepe na kuharibu, nani kati yenu angesimama upande wangu? Mimi ninaona kosa ni la aliyefuta. Kama alama zingebaki mpaka kesho, ningepita tena, ningeuliza."

Wakamgeukia Mfagiaji. Mfagiaji hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mimi nilifuta kwa moyo mweupe," alisema. "Nilimwona anaondoka. Nilidhani tumepona."

Wakabishana. Na taa haikuwangoja. Ilizimika yenyewe.

Hapo nikanyamaza.

Kolumba akaweka brashi chini, juu ya mfuniko wa mkebe.

"Baba, Mpapasi ni mimi."

"Nimesimulia mji tu, mwanangu."

"Ni mimi. Mwaka jana mwezi wa sita mama alikuwa na malaria, nikamwogesha. Mkono wangu ukakutana na uvimbe chini ya kwapa. Akaniambia, usimwambie baba yako, ana semina. Nikakaa nalo wiki mbili. Ndipo nikamwambia mama mkubwa. Nikasema kuna kajipu. Nilijua si jipu, baba. Jipu ni la moto. Lile lilikuwa baridi."

"Ulisema hata hivyo," alisema Eufrasia. "Ulikuwa na miaka kumi na minane, na ulisema. Mimi ndiye niliyempeleka zahanati. Muuguzi akampa vidonge, akaandika karatasi ya rufaa aende hospitali ya misheni, akapiga mstari chini kwa kalamu nyekundu. Nikaja nayo hapa, nikaitundika kwenye msumari ule, kando ya picha ya Moyo Mtakatifu, ili kila anayeingia aione. Nikarudi kwangu kuchuma kahawa. Ningemwambia Bosko, mpeleke kesho. Maneno mawili. Lakini mimi ni dada wa mke. Nitamwamuruje mdogo wa mwenye nyumba ndani ya nyumba ya watu? Nikaona karatasi itasema yenyewe."

Bosko alikuwa anachora ardhini kwa kijiti. "Niliiona," alisema. "Kila nilipokuja kula niliiona. Pikipiki ina mafuta, njia kavu, kwa mwendo wa saa mbili unafika misheni. Nikasema, kaka ataniita. Ni mke wa kaka, ugonjwa wenyewe wa kifuani, nitaanzia wapi kuuliza? Nikakaa. Halafu siku moja nikaja, msumari mtupu. Nikafurahi, Mungu ananiona. Nilidhani mmekwenda na gari la mapadri, mmerudi. Nikasema, basi imeisha."

"Sisi hatukwenda," alisema Kolumba.

"Hatukwenda mpaka mwezi wa tatu," alisema Eufrasia taratibu. "Mimi nilidhani Bosko amempeleka. Karatasi haikuwapo."

Bosko akainua kichwa. "Ila marehemu naye, angesema tu neno moja..."

"Usimalize, Bosko," nikamkatiza.

Hakumalizia.

"Sasa," akasema Eufrasia, "Mfagiaji ni nani?"

Niliinuka, nikaingia ndani. Nikalitoa daftari la wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, kwenye rafu, lile lenye jalada la buluu. Sikuhitaji kutafuta ukurasa, karatasi ilikuwa imeshaufanya uachane. Nikatoka nayo, nikaiweka juu ya kigoda, mstari mwekundu ukitazama juu.

Niliwaambia yote. Mwezi wa nane jumuiya yetu ya majirani ilikuwa inasali kwangu. Vidonge vilikuwa vimepunguza homa, na Otilia alikuwa ameniambia, "Haliumi tena, Baba Kolumba, niache nimalize kahawa." Haliumi. Nikadhani maana yake amepona. Jioni ile watu wangekaa chini ya picha ya Moyo Mtakatifu na kusoma ugonjwa wa kifua cha mke wangu ukutani. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikaitoa karatasi, nikaiweka kwenye daftari isipotee, nikafagia, nikatandika mkeka. Tulisali vizuri siku hiyo. Tulitoa shukrani kwa afya yake. Mimi ndiye niliyeongoza.

Mwezi wa tatu, nikitafuta jina la mtoto wa ubatizo wa Pasaka, nililifungua daftari nikaikuta. Miezi saba. Siku iliyofuata tukampeleka. Sista Imakulata alimpima, akanawa mikono, akanitazama. Karatasi niliirudisha mle mle daftarini, na sikumwambia mtu, wala Otilia mwenyewe. Nilitaka kumwambia. Nikasema ngoja apate nafuu kidogo. Halafu akaacha kusema.

Eufrasia aliichukua ile karatasi akaitazama muda mrefu, ingawa miwani yake ilikuwa ndani.

"Kumbe," alisema.

Kisha akasema, "Kwa nini ulituzungusha mjini, shemeji? Si ungetuambia tu hivi?"

"Mji ulikuwa rahisi kuutamka."

Nilingoja anilaumu. Ningepumzika kama angenilaumu. Lakini aliikunja karatasi ilivyokuwa imekunjwa, akaniwekea mkononi, akaenda jikoni kuwasha moto kwa ajili ya chai. Bosko akamwinamia Kolumba, akamwonyesha mahali rangi ilipochuruzika. "Hapa futa, mama, itaonekana kaburini," alisema. Kolumba akafuta. Kazi zikaendelea, na swali likabaki limesimama katikati ya uwanja pamoja na kuku.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kumwuliza padri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniungamisha, akanipa kitubio, nami nimekitimiza. Lakini kuhusu msalaba alisema, "Hiyo ni desturi ya nyumba zenu, Katekista. Hilo mtaamua wenyewe." Nikarudi. Tuliketi tena wote wanne, tukala, na kila mmoja akamwachia mwenzake kipande kikubwa.

Sasa ninaandika haya Ijumaa hiyo hiyo, jua bado lipo. Rangi imekauka. Jina limekaa vizuri, herufi ya tatu tu ni nene kidogo. Kesho saa tatu asubuhi padri atafika, shimo litakuwa limechimbwa, watu watakuwa wamesimama, na mkono wa mtu lazima uwe kwenye shina la msalaba kabla udongo haujaanguka. Nimewaambia habari ya taa iliyozimika kwa sababu hakuna aliyeuinua mkono. Sitaki msalaba wa Otilia uanguke kwa sababu hiyo.

Ninyi mnaosoma haya, hamkuwa katika nyumba yetu, na labda mnaona vizuri kuliko sisi. Yupo aliyegusa wa kwanza, akasema nusu. Yupo aliyetundika alama mahali pa kuonekana, akaondoka bila neno. Yupo aliyeona, akaweza, akangoja aitwe. Na yupo aliyefuta kwa moyo mweupe, akaficha alichofuta. Wote walimpenda. Hakuna aliyelala.

Je, ni nani kati yao anayestahili kuushika msalaba wa Otilia?

Mkiwa mnafikiri, ninachukua rozari yangu na kurudi kwenye tendo la nne nililoliacha.

Ee Bwana, uliyeuchukua msalaba ukachoka, hata mtu aliyekuwa anatoka shamba akakusaidia kuubeba, umpokee Otilia mtumishi wako. Umsamehe alichokinyamazia kwa kutuhurumia sisi. Utusamehe tulichokinyamazia kwa kuogopana. Uzi uliokatika mikononi mwetu uushone wewe, usiyehitaji alama ili uone. Mpe pumziko katika nyumba yako, na taa yake kwako isizimike kamwe. Amina.